Kumi na Saba za Moshi

Wodini walimwita Bi Hesabu, na jina lenyewe hawakumpa kwa mapenzi. Lilianza kama utani katika chumba cha chai cha wauguzi, pale penye birika moja na vikombe visivyofanana, mwenzao mmoja aliposema kwamba ukikohoa tu mbele ya yule mama, anakujumlisha. Wakacheka mpaka machozi, jina likashika, na baada ya miaka ishirini na sita hata wakubwa wa hospitali walilitumia. Mwenyewe hakulipenda wala hakulichukia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi wa kushonea vidonda, na kazi yake ilikuwa kujua mapema nani atapona na nani hataamka.

Tusipindishe maneno, kazi ndiyo hiyo. Wodi ya majeraha ya moto ilikuwa na vitanda kumi na vinane, chumba kimoja cha upasuaji, mashine moja ya kupumulia iliyokuwa nzima na nyingine iliyokuwa ikingoja kipuri tangu mwaka juzi. Mtu akiletwa ameungua vibaya, lazima awepo wa kusema, tena upesi, kama huyu ni wa kupigania au ni wa kutulizwa maumivu tu. Madaktari walikuja na kuhamishwa. Yeye alibaki, ndiyo maana mzigo ukamwangukia.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza. Unachukua umri wa mgonjwa. Unajumlisha sehemu ya ngozi iliyoungua, ni ngapi katika mia. Kama amevuta moshi, unaongeza kumi na saba. Kuna hospitali ambako mtu wa mia na ishirini hurudi nyumbani akapika chakula. Yao haikuwa hiyo. Kwa dawa walizokuwa nazo na mikono waliyokuwa nayo, mia ndiyo ilikuwa mwisho. Aliye chini ya mia alipelekwa kwenye upasuaji siku hiyo hiyo, ngozi iliyokufa ikakatwa. Aliyevuka mia, hakuna aliyewahi kumwona akitoka kwa miguu yake.

Ugumu uko kwenye kupima. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama sehemu moja katika mia ya ngozi yake. Cha mgonjwa, si cha mpimaji. Wageni wa kazi hujikwaa hapo hapo, wakampimia mtoto kwa kiganja cha mtu mzima. Bi Hesabu alikuwa na mtindo wake. Alichukua picha kuukuu ya eksirei, akaiweka chini ya mkono wa mgonjwa, akachora ukingo wake kwa kalamu ya wino mzito na kuukata kwa mkasi. Kisha alikitembeza kile kiganja cha plastiki juu ya mwili, hatua kwa hatua, midomo ikichezacheza. Wekundu wa juujuu haukuhesabiwa. Palipopakwa masizi palioshwa kwanza. Akimaliza aliandika namba kwenye kona ya faili, kwa penseli, na daktari mpasuaji, mtu wa haraka aliyekosa usingizi tangu aanze kazi pale, aliitazama namba ile kabla ya kumtazama mgonjwa. Siku nyingine aliitazama namba peke yake.

Sasa, kuna jambo ambalo watu wa nje hawalijui, na wakiambiwa hawaamini. Mtu aliyeungua sana hapigi kelele. Wanaopiga kelele mara nyingi ndio wanaopona. Ngozi ikiungua mpaka chini, hata mishipa ya kuhisi maumivu imeungua, na mtu anakaa hapo kitandani akili timamu, anaomba maji, anauliza simu yake iko wapi. Ndugu wanachungulia, wanashusha pumzi, wanapigiana simu kusema afadhali. Halafu saa zinapita, mwili unavimba, koo linaziba, na mazungumzo yameishia hapo.

Mwaka wake wa tatu kazini aliletwa fundi wa kuchomelea vyuma, mcheshi kweli kweli, akitania kwamba nyusi zake zimekwenda likizo bila ruhusa. Walimkimbiza kwenye upasuaji. Mkewe alikuwa ametoka kumnunulia soda aliyoiomba. Yule bwana hakuamka tena, na mke alikaa siku nne kwenye benchi na ile chupa mapajani, haifungui, haiachi. Bi Hesabu aliiona ile chupa kila alipopita. Siku ya tano alikwenda kwa mkuu wa wodi, akagombana naye mpaka sauti ikamkauka, na tangu hapo ikawa desturi yao: aliyevuka mia halazwi usingizi mpaka watu wake wafike.

Walitenga chumba cha pembeni chenye dirisha na viti viwili, wakakiita chumba cha maneno. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkabili mgonjwa na kumwambia, bila kuzungusha, "Kama una neno na mtu, liseme leo." Alitukanwa kwa hilo. Baba mmoja alimrushia kiti. Lakini walirudi baadaye, mmoja mmoja, wakasimama mlangoni wakitafuta la kusema, na aliyerusha kiti alirudi na mkewe. Mara moja daktari alitaka kumchukua mgonjwa mapema, naye akasimama katikati ya mlango, mikono kaitanua huku na huku, mpaka kaka wa mgonjwa akaingia akitweta. Kama kuna kitu alichojivunia maishani, kilikuwa kile chumba.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi. Machela iliingia kwa kasi, na yeye akachukua picha ya eksirei na mkasi kabla hajatazama uso, maana ndivyo alivyozoea, mkono kwanza. Akaunyanyua mkono wa kushoto wa mgonjwa, ambao moto uliuruka, akaanza kuchora. Alipofika kwenye kidole cha mwisho kalamu ikasimama. Kidole kilikuwa kimepinda kwa nje kwenye kiungo cha juu. Alikijua kile kidole. Yeye ndiye aliyekibana mlangoni alipokuwa na miaka mitano.

"Usinitumbulie macho hivyo," mgonjwa alisema. Sauti ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyeshangilia mpira siku nzima. "Ni mimi. Nimechelewa kutoka tu."

Alikuwa dada yake, mkubwa wake kwa miaka minne, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Kazi yake ilikuwa udobi. Alikuwa na chumba kimoja cha kufulia na kupigia pasi, na asubuhi ile alikuwa akitoa doa la grisi kwa petroli, dirisha kalifunga kwa sababu ya vumbi, pasi ya moto iko mezani, mvuke ukashika moto. Alitoka salama. Kisha akarudi ndani.

"Ulirudi kufanya nini, dada?"

"Nguo za watu zile."

"Dada!"

"Kulikuwa na suti ya bwana harusi. Ningemwambia nini? Aoe na kaptura?"

Ukutani, juu ya sinki, palikuwa na karatasi yenye kanuni za wodi, na ya nne ilisema: *Usimpime wa kwako.* Mwandiko ulikuwa wa Bi Hesabu mwenyewe. Muuguzi mwingine aliyejua kupima alikuwa ndani ya upasuaji, angetoka baada ya nusu saa. Angeweza kumngoja. Hakumngoja. Alikata kiganja, akaanza kukitembeza juu ya mgongo na miguu ya dada yake, na nataka ieleweke kwamba hapo hakudanganya hata chembe. Alihesabu mara mbili. Arobaini na tatu. Umri, hamsini na nne. Tisini na saba.

Moyo ulimlipuka kwa furaha. Tisini na saba! Chini ya mia!

Kisha akautazama uso. Vinyweleo vya puani vilikuwa vimeungua vikajikunja. Ndani ya matundu ya pua kulikuwa na masizi, na dada alipokohoa, mate yaliyotoka yalikuwa meusi. Moshi. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na ile sauti ya kukwaruza alikuwa ameshaisikia tangu mwanzo. Tisini na saba na kumi na saba ni mia moja na kumi na nne.

Mhudumu wa wodi, mama mtu mzima waliyemwita Mama Ndoo kwa kuwa hakuonekana bila ndoo, alikuwa kando na beseni la maji safi. Bi Hesabu akachovya shashi, kitambaa chepesi cha vidonda, akampangusa dada yake uso. Akampangusa mdomo. Akaikunja shashi ncha, akaiingiza puani, taratibu, tundu moja kisha la pili, kama mtu anavyomsafisha mtoto anayepelekwa kwa wageni. Baadaye alijiuliza sana kama alijua anachofanya. Mimi nasema alijua. Mkono ulitangulia, lakini ulikuwa mkono wake.

"Shashi hii nyeusi niiweke wapi?" Mama Ndoo aliuliza. Shashi za namna ile ziliwekwa kwenye trei, daktari azione.

"Itupe."

Mama Ndoo akamtazama, akaitupa.

"Mwanangu umempigia?" dada aliuliza.

"Nimempigia. Ametoka shuleni kwake mbio. Ni mwendo wa karibu saa tatu."

Dada akageuza macho mlangoni. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, binti, mwalimu wa watoto wadogo katika mji mwingine, na walikuwa na miezi kumi na mmoja hawajasemezana. Binti alikuwa amemwambia, mbele za watu, kwamba anapenda nguo za wateja kuliko alivyowahi kumpenda yeye. Mama akamjibu asikanyage tena kwake. Wote wawili walikuwa vichwa vigumu, kila mmoja anangoja mwenzake aanze, na Bi Hesabu katikati amechoka kupeleka salamu zisizopokelewa.

"Basi nimsubiri," dada alisema. "Nina neno lake."

"Mtaongea ukitoka ndani."

"Nimsubiri kwanza."

"Dada, hii kazi haingoji. Niambie mimi, nimfikishie."

"Aka! Neno ni lake. Nikikupa wewe utalipunguza, nakujua. Tangu utotoni unapunguza sukari kwenye chai za watu." Akakohoa, akameza. "Wewe ndiye unayeyajua mambo haya. Niambie ukweli. Nitaamka?"

Swali hilo Bi Hesabu alikuwa ameulizwa na mamia ya watu, na mamia aliwajibu walivyostahili. Alikiona chumba cha maneno kule pembeni, mlango wazi, viti viwili vitupu. Ilikuwa ni kusema namba tu. Angeisema, machela ingesukumwa kule, dada angekaa karibu na dirisha kumsubiri binti yake. Lakini kuisema namba ile ni kumwua, hivyo ndivyo alivyohisi, kwamba mpaka aitamke, dada yake angali mzima.

"Utaamka," alisema.

Daktari alitoka kwenye upasuaji wa kwanza saa saba kasoro dakika chache. Akaichukua faili, jicho likaenda moja kwa moja kwenye kona.

"Tisini na saba. Moshi?"

"Hakuna."

"Mbona sauti iko hivyo?"

"Ana mafua. Ni dada yangu, namjua."

Daktari akainua macho, akamtazama, na pengine siku nyingine, kama asingekuwa amesimama tangu alfajiri, angewasha tochi aangalie koo mwenyewe. Lakini huyu alikuwa Bi Hesabu. Tangu lini Bi Hesabu akakosea? "Pole sana," alisema. "Tunamchukua." Mama Ndoo alikuwa akipiga deki mahali palipokuwa pakavu na safi. Mlango wa upasuaji ulifungwa saa saba na robo.

Binti alifika saa saba na dakika thelathini na tano. Alikuja akikimbia kwenye korido, chaki bado kwenye mkono wa blauzi, kiatu kimoja mkononi kwa kuwa kilikatika kanda njiani.

"Mama mdogo! Nimechelewa?"

"Ameingia sasa hivi tu. Mtaongea akitoka."

Akakaa kwenye benchi na kiatu chake. Bi Hesabu alikitazama kile kiatu pale mapajani, akakumbuka chupa ya soda, akajikaza kisabuni, akaenda kubadilisha shuka ambazo zilikuwa zimeshabadilishwa.

Saa tisa daktari alitoka, barakoa imeshuka kidevuni. Alimwita pembeni. "Koo ni jeusi mpaka chini kabisa. Bomba la kupumulia limepita kwa kulazimisha. Hatutaweza kulitoa." Hakuuliza nani alipima. Alichukua faili, akaifuta ile namba ya penseli kwa kidole, na mahali pake akaandika 114 kwa kalamu ya wino. Kisha akamrudishia faili na kurudi ndani.

Dada alikaa siku tisa kwenye mashine. Siku tisa! Aliyevuka mia walimtuliza akaenda kwa amani siku moja au mbili; huyu kwa sababu ya namba ya tisini na saba alikuwa ameshakatwa ngozi na kutiwa bomba lisiloweza kutolewa, akafungwa bandeji, akafunguliwa, akafungwa tena, na macho yamevimba yakafumba. Binti aliongea naye kila siku. Alimwomba radhi kwa lile alilosema mbele za watu. Alirudia, kwa sauti ya kufundishia, polepole, kama mama yake angekuwa darasani. Mashine ilivuta na kutoa. Siku ya tisa, asubuhi, wakimgeuza ili watandike, mapigo yaliisha.

Wakazika. Bi Hesabu alirudi kazini siku ya tatu, na ya saba alimkuta binti wa dada yake amesimama mlangoni mwa chumba cha wauguzi, amevaa nyeusi.

"Yule mama wa usafi alinipa pole nilipokuja kuchukua vitu vya mama," binti alisema. "Akasema mama aliniulizia sana siku ile. Nikamuuliza, aliniulizia kwa mdomo gani? Akashika ndoo yake akaenda."

Bi Hesabu akavua miwani.

"Mama mdogo, mama alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea."

"Tangu saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Saa nne na nusu mpaka saa saba na robo."

Midomo ya binti ikachezacheza. Alikuwa anahesabu. "Dakika ishirini," alisema.

"Ishirini."

"Wasingeweza kunisubiri?"

Angeweza kusema hapana. Nani angejua? Akamwambia yote, kumi na saba, shashi, mafua, chumba chenye viti viwili, bila kuacha kitu na bila kujitetea. Alipomaliza walisikia toroli la chakula likipita nje, vifuniko vikigongana.

"Ungeandika ukweli, angepona?"

"Asingepona."

"Na sasa hakupona."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kufa hukumwondolea," binti alisema taratibu. "Ulimwondolea mimi."

Ilikuwa hesabu sahihi.

"Alisema nini? Alisema ana neno langu. Neno gani?"

"Hakuniambia. Nilimwomba, akakataa. Alisema ni lako."

"La kunisamehe au la kunifukuza?"

Hapa, ndugu zangu, ndipo alipojaribiwa kweli. Neno moja tu lingetosha. *Amekusamehe.* Binti angelala usiku ule, angemwangukia shingoni, wangelia pamoja wakabaki ndugu. Na pengine ndivyo ilivyokuwa, pengine ndilo neno lenyewe. Lakini alikuwa ameshampa dada yake uongo mtamu, akaona ulivyomfikisha.

"Sijui," alisema.

"Hata kubahatisha? Watu wote si unawajua kabla ya siku yao?"

"Hili silijui, mwanangu."

Alifungua droo. Mgonjwa akiondoka, mzima au maiti, desturi yake ilikuwa kukikatakata kile kiganja cha plastiki akakitupa. Hiki hakuweza. Akakiweka mezani, cha kijivu, kidole cha mwisho kimepinda kwa nje. Binti alikitazama kwa muda mrefu. Akaweka mkono wake juu yake, ukalingana kila mahali isipokuwa pale kwenye kidole. Kisha akakichukua, akakitia mkobani katikati ya madaftari ya wanafunzi, akafunga zipu.

"Asante, muuguzi," alisema.

Akatoka, akaufunga mlango wa wodi taratibu, kama wanavyoufunga watu wasio na mgonjwa tena ndani.